Sikiliza mkia: namna ya kupima kikundi cha sauti Kasulu na Kibondo

Mnunuzi mzoefu wa asali Kibondo, mkoani Kigoma, haanzi na bei. Anachovya kijiti ndani ya ndoo, anakiinua, anatazama. Asali iliyotiwa maji huanguka matone. Asali nzuri hushuka kama uzi mmoja, na uzi huo unapokaribia kwisha haukatiki ovyo. Unajikunja juu ya asali iliyotangulia, unakaa kidogo, ndipo unazama. Mwanzo wa mchirizi haumwambii kitu, kwa sababu hata maji ya sukari huanza kumiminika vizuri. Anangoja mkia.

Mimi sinunui asali. Kazi yangu ni kukaa benchi la nyuma na daftari, mara nyingine kwenye meza ya majaji, nikisikiliza vijana wanne, watano au sita wanaoimba bila ala au kwa ala kidogo, sauti zimepangwa moja juu ya nyingine kama matofali. Wenyewe wanaiita akapela. Wakiwa wanne wanaitwa kwateti. Ukimwambia kijana wa Kasulu kwamba anachokiimba kina undugu na doo-wop ya Marekani, atadhani unamtajia chapa ya viatu. Lakini undugu upo, na kinywa chetu kisichopenda neno liishie na herufi p kitaniruhusu niiite duwopu. Shikilia hapo: neno la Kiswahili linavyokwisha ndilo jambo nitakalolirudia mpaka mwisho wa mwongozo huu.

Ukoo wake

Duwopu ilikua mikononi mwa vijana weusi wa miji ya Marekani baada ya Vita ya Pili ya Dunia: New York, Philadelphia, Baltimore, Chicago. Fedha za ala hazikuwapo. Waliimba kwenye kona za barabara, kwenye ngazi za nyumba za kupanga, hata kwenye vyoo vya shule, kwa kuwa ukuta wa vigae hurudisha sauti. Mmoja aliongoza, mmoja akashika besi badala ya gitaa, waliobaki wakajaza katikati kwa silabi zisizo na maana yoyote. The Orioles wa Baltimore walivuma mwaka 1948. The Chords walitoa "Sh-Boom" mwaka 1954. The Five Satins walirekodi wimbo wao mashuhuri, uliotoka mwaka 1956, chini ya sakafu ya kanisa Katoliki mjini New Haven. Tangu mwanzo, basi, kanisa na kona ya barabara vilipakana.

Tawi moja la ukoo huu lilichipuka Afrika. Mwaka 1939 Solomon Linda na wenzake walirekodi "Mbube" mjini Johannesburg. Waimbaji wa Marekani walipoisikia sahani ile, masikio yao yaliligeuza neno la Kizulu "uyimbube" kuwa "wimoweh", na mwaka 1961 vijana wa Brooklyn waitwao The Tokens wakaujaza ulimwengu mzima kwa silabi hizo. Neno lenye maana lilivuka bahari likafika limekuwa mlio mtupu, na ule mlio ukapendwa kuliko neno.

Tawi lililofika nyanda hizi lilipita madhabahuni. Waadventista wa Sabato wana mapenzi ya zamani na kwateti ya wanaume. The King's Heralds walianza Texas mwaka 1927, kisha wakawa sauti ya kipindi cha redio ambacho kwetu kinajulikana kama Sauti ya Unabii. Chuo cha Oakwood huko Huntsville, Alabama, ambacho ni cha kanisa hilohilo, ndiko walikotoka Take 6, vijana waliotoa albamu ya kwanza mwaka 1988 na kuonyesha kwamba wimbo wa kanisani unaweza kubeba jazi, duwopu na muziki wa siku hizi bila kinanda kimoja. Kwetu huku kanisa hilo lina Hospitali ya Heri upande wa Manyovu, lina Nyimbo za Kristo mikononi mwa waumini, na lina makambi ya kila mwaka, ambako kwateti hupanda jukwaani asubuhi mpaka jioni.

Hata hivyo si Waadventista peke yao. Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kianglikana tangu mwaka 1966, na Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliwazoeza watu kuimba kwa sauti nyingi bila kungoja kinanda. Wakatoliki wana kwaya zao zinazosoma noti. Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kivu Kusini na kupokea Warundi wengi mwaka 2015, ina kwaya zenye moto wa Kongo. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, imekuwa na za Kirundi. Kijana wa hapa hukua akisikia yote haya, pamoja na Bongo Fleva ya kwenye simu. Kwa hiyo akapela yake ni mchanganyiko tangu siku ya kwanza, na hakuna sababu ya kuuliza kama amechanganya. Uliza amechanganyaje.

Mahali pa kukaa

Usikae karibu na spika. Spika za kukodi zinapenda besi na sauti ya kwanza. Sauti ya pili na ya tatu zinamezwa. Usikae pia chini ya mabati mvua ikinyesha, utaonea watu bure. Ukiweza, usingoje jukwaa kabisa. Nenda nyuma ya kanisa dakika ishirini kabla hawajaitwa, wanapopasha koo wakiwa wamesimama duara. Huko hakuna maikrofoni, hakuna sare, hakuna shangwe ya ndugu zao. Kikundi kinachotazamana kikiwa nyuma ya kanisa kitasikilizana mbele yake. Kikundi ambacho kila mtu anatazama simu yake akikumbuka maneno, tayari umekwisha kukijua nusu.

Sare na hatua za miguu zitazame ukipenda, lakini usizipe alama. Wapo wanaofanana mpaka soksi na hawafanani hata noti moja.

Do inatoka wapi

Kabla ya wimbo, mtu hutoa do. Mwingine huitafuta kwenye kinanda cha simu, mwingine ana filimbi ya kupimia, mwingine huitoa kooni kwa mazoea. Njia yoyote ni halali. Tofauti iko katika kinachofuata. Kikundi kichanga huimba do kwa nguvu mbele ya watu, kisha kila mtu anapanda ngazi ya do, mi, so, do kutafuta yake, kama abiria wanaotafuta viti vyao ndani ya basi. Kikundi kilichokomaa hupewa do kwa mguno usiozidi pua, na wanne wanaingia.

Wimbo ukiisha, pima tena. Ulianza juu gani, umeishia wapi? Kuimba bila ala kuna ugonjwa wa kushuka: pumzi ikichoka, noti inayorudiwa hulegea, na kufikia beti ya tatu wimbo umeteremka nusu toni. Majaji wengi hukata alama hapo hapo. Mimi huuliza kwanza: wameshuka wote au mmoja? Wanne wakishuka pamoja, maana yake wanasikilizana, wanachokosa ni pumzi, na pumzi hufundishwa. Mmoja akibaki juu kwa sababu anajua yuko sahihi, wakati wenzake wameteremka, ana sikio zuri na ni mwimbaji mbaya wa kikundi.

Besi

Nyanda hizi hazina njaa ya teno. Besi ndiye adimu, na kwa kuwa ni adimu, kijana mwenye koo zito kidogo hupewa kazi hiyo akiwa na miaka kumi na saba na kuambiwa abane shingo. Matokeo ni mngurumo usio na noti. Jaribio lake ni rahisi: fuatisha mstari wa besi peke yake kwa mluzi. Ukishindwa kuufuata, hakuna mstari, kuna kelele ya chini.

Katika duwopu besi ni ngoma na gitaa kwa pamoja. Akiimba "dum", ile d ndiyo kijiti kinachopiga ngozi, na "um" ndiyo mlio unaobaki. Sauti nene huchukua muda zaidi kutambulika sikioni mwa watu, kwa hiyo besi mjuzi hutangulia kwa unywele mmoja, d yake ikianza kabla ya pigo ili mlio utue juu ya pigo. Besi asiyejua hutua kwenye noti kama gunia la maharage linaloshushwa kwenye lori: zito, na limechelewa.

Kuna desturi ya besi kuacha kuimba na kusema maneno katikati ya wimbo, kwa sauti ya mtu mzima anayebembeleza. Ni ya zamani. Hoppy Jones wa The Ink Spots aliifanya tangu kabla ya vita, na waliokua na redio ya miaka ya 1990 wanakumbuka Boyz II Men wa Philadelphia wakiifanya mwaka 1992 katika "End of the Road". Vijana wetu wanaipenda, ila wanayasema maneno ya sala. Besi anapoanza kusema, usimsikilize yeye. Sikiliza kama nyumba imebaki na msingi. Mmoja wa waliobaki anapaswa kuteremka ashike ile noti ya chini. Wasipofanya hivyo utasikia sauti tatu zinazoning'inia hewani kama nguo kwenye kamba.

Sauti za katikati

Hapa ndipo majaji wavivu wanapolala, kwa sababu sauti ya pili na ya tatu hazikusudiwi kuonekana. Chagua beti moja, mfunge kiongozi masikioni mwako, msikilize teno peke yake. Je, ana wimbo wake? Anaweza kuwa na noti tatu tu beti nzima, si neno, mradi noti hizo zina sababu. Kasoro iliyozoeleka huku ni sauti ya pili kumfuata kiongozi hatua kwa hatua, daima umbali uleule, akipanda wanapanda, akishuka wanashuka, kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake sokoni. Ni tamu kwa dakika moja. Kufikia dakika ya tatu sikio limeshiba.

Sasa jambo ambalo kinanda hakiwezi kukufundisha. Kinanda kimepimwa kwa namna ambayo mi yake imekaa juu kidogo kuliko mi ambayo koo huitafuta likiwa huru. Wenye vipimo wanagawa nusu toni katika senti 100, na mi ya kinanda imezidi kwa senti 14 hivi. Kikundi kilichofundishwa na kinanda kila siku hubeba ile mi ya juu mpaka jukwaani. Ni sahihi, na ni kavu. Kikundi kilichozoea kuimba bila ala huiteremsha mi yake bila kujua kwamba wanaiteremsha, mpaka inapolala juu ya do na so bila kukwaruza.

Ikilala, kuna kitu kinatokea. Kila noti inayotoka kooni hubeba juu yake noti nyingine nyembamba zilizojificha. Koo nne zikiafikiana barabara, noti zilizojificha zinakutana na kuongezana nguvu, na utasikia sauti ya tano juu ya vichwa vyao, nyembamba kama filimbi, isiyotoka kinywani mwa yeyote. Wazee wengine husema ni malaika. Iwe vyovyote, ukiisikia hata mara moja katika wimbo, kikundi hicho usikipe alama za chini.

Lele

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Watu huitumia methali hii kumaanisha kwamba mambo makubwa huanza na madogo, lakini mimi huichukua kama ilivyo: kabla ya maneno kuna mlio usio na maana, na ngoma nzima imesimama juu yake. Lele yetu na "du-wa" ya Philadelphia hufanya kazi moja. Zinampa kiongozi kapeti la kutembelea, zinashika pigo, zinajaza pengo anapovuta pumzi.

Pima lele kwa maswali mawili. La kwanza: imetoka wapi? Vikundi vingi huchukua silabi za Kiingereza kama zilivyo, zikiwa zimefungwa mwishoni kwa p au t, na kinywa cha Kiswahili kinahangaika, huyu anaifunga, yule anaiongezea vokali, pigo linatawanyika. Kikundi chenye akili hutafuta silabi ambazo vinywa vyao vinazijua: le, wa, yo, lo, haya, wee. Si suala la uzalendo. Ni suala la vijana wanne kufunga na kufungua mdomo kwa wakati mmoja.

La pili: lele inabadilika lini? Beti ya kwanza wakiimba "wa" laini, na beti ya pili "wa" ileile, na ya tatu ileile, mpangaji amechoka au hakuwapo. Mpangaji mzuri hubadili vokali maneno yanapobadilika. Kiongozi akiimba furaha, nyuma vinywa vinafunguka "a". Akiimba msiba vinakunjwa "u", au vinafungwa kabisa na kubaki mguno.

Na mguno ni mali yetu. Kiswahili kina m inayosimama peke yake kama silabi: mtu, mti, mtoto, mchana. Mwimbaji asiyejali huirukia, anaimba "mtu" kwa pigo moja. Anayejua kazi huipa m pigo lake, midomo imefungwa, mlio puani, kisha "tu" inafunguka kama mlango. Ukikuta kikundi kinachoitumia m hiyo kama besi ndogo ndani ya neno, umekuta watu wanaojua wanaimba lugha gani.

Mkazo

Kwa ufupi, kwa sababu kosa hili husikika lenyewe. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi za tenzi zilitungwa kwa ajili ya Kiingereza au Kijerumani, ambako pigo zito mara nyingi huangukia mwisho wa mstari. Tafsiri zilipokaa juu ya tuni hizo, mkazo ukateguka, na tumezoea mpaka hatusikii. Kikundi kinachopanga upya wimbo wa zamani kwa mtindo wa pop kina nafasi ya kuurekebisha mteguko huo, kwa kusogeza pigo kidogo tu. Wakiuacha ulivyo, wamepaka rangi ukuta uliopinda.

Wakiimba Kiha, sikio liwe kali zaidi. Kiha, kama Kirundi, ni lugha ya toni, na urefu wa vokali hubadili maana. Tuni ikipanda pale neno linaposhuka, bibi aliye benchi la mbele atatabasamu kwa sababu ambayo wao hawakuikusudia.

Mkia

Sasa tufike nilipokuwa nakupeleka. Karibu kila neno la Kiswahili huishia na vokali. Mstari unaoishia na konsonanti una mlango unaojifunga wenyewe: wakifika kwenye t, wimbo umekatwa. Mstari wa Kiswahili huacha mlango wazi. "Upendo" ikifika mwisho, kuna o, na o hiyo haina mwisho mpaka waimbaji wenyewe waukubali pamoja. Vinywa vinne vinatakiwa viwe na o moja, kwa muda mmoja, kisha vinyamaze mara moja. Hakuna mahali pengine katika wimbo ambapo kikundi kiko uchi namna hii. Maneno yamekwisha, pigo limetulia, kilichobaki ni vokali na makubaliano.

Walimu wa kwaya wanaoandika tonic solfa ubaoni wanalijua hili kuliko wanavyodhani. Mfumo ule, uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19 na kubebwa na wamisionari mpaka huku, huonyesha noti inayoendelea kwa kistari. Herufi inaonyesha pa kuingia, kistari kinaonyesha umbali wa kwenda. Kwaya dhaifu husoma herufi na kuvipuuza vistari. Nimewaona vijana wakinakili solfa kutoka ubaoni, na vistari ndivyo vya kwanza kurukwa daftari linapojaa.

Mkia mbaya una namna nne, na kila moja inasema habari yake.

Upo mkia wa ngazi: mmoja ananyamaza, kisha wa pili, kisha wa tatu. Hawa hawatazamani. Dawa yake ni mazoezi ya mwezi mmoja tu.

Upo mkia wa mvutaji: watatu wamekwisha, kiongozi bado anavuta, macho yamefungwa. Huyu anajipenda. Dawa yake ni ngumu.

Upo mkia unaofifia: wanne wanaishia hewani kabla ya pigo, kama jenereta lililoishiwa dizeli. Walivuta pumzi mwanzoni mwa mstari badala ya kuipangia mwisho wake.

Wa nne ndio wa siku hizi, na ndio mgumu kuutambua: mkia unaogeuka. Vijana waliojifunza kwa nyimbo za Kimarekani hukunja vokali inapokwisha, "upendo" inakuwa "upendou", "wewe" inakuwa "wewei". Mmoja akikunja na watatu wakanyoosha, ile sauti ya tano niliyoitaja inakufa papo hapo, hata kama noti zote ni sahihi. Na hapa Kasulu na Kibondo kuna ugumu wa ziada, kwa kuwa kikundi kimoja kinaweza kuwa na Muha, Mkongomani kutoka Fizi, Mrundi na mtoto wa mtumishi wa serikali aliyelelewa Dar es Salaam. Kila mmoja ana e yake. Usiwahukumu kwa kutokuimba Kiswahili cha pwani. E yoyote inafaa, ilimradi ni moja. Vikundi bora nilivyovisikia havikuiga lafudhi ya mtu. Walikuwa wametengeneza e ya kwao, isiyo ya Fizi wala ya Dar, inayosikika pale tu wanaposimama pamoja.

Pop iliyoingizwa

Mviringo wa do, la, fa, so ulibeba nyimbo nyingi za duwopu mpaka watu wakauita kwa jina la duwopu. Kijana wa huku hana haja ya kufundishwa mviringo huo; ameusikia kwenye injili na Bongo Fleva tangu utotoni. Kwa hiyo kuunganisha vitu hivi viwili ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi hufanywa vibaya.

Dalili ya kiraka ni hii: beti imepangwa kwa sauti nne, kiitikio kinafika, na ghafla wote wanaimba tuni moja juu ya biti ya kwenye flashi. Sauti nyingi zimekuwa pambo, mzigo umebebwa na biti. Jiulize: ukizima biti, wimbo unasimama? Jiulize na kinyume chake: ukiondoa sauti ya pili, kuna mtu atagundua?

Kuimba wengi si kuimba pamoja. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma walitoa "Leka Dutigite", wimbo wa kujivunia mkoa wao, na ulipendwa kwa haki. Lakini ule ni wimbo wa zamu: kila nyota anapewa mistari yake, anampisha mwingine. Ni sanaa yake yenyewe. Akapela ina sheria nyingine, kwamba hakuna anayempisha mwenzake. Wote wapo muda wote, na watatu wamekubali kutoonekana.

Mfano wa kujifunzia uko Kenya. Sauti Sol walianza mwaka 2005, mizizi yao ikiwa kwenye akapela ya vijana waliosoma Upper Hill School mjini Nairobi, wakaongezewa gitaa la Polycarp Otieno, na albamu ya kwanza, "Mwanzo", ikatoka mwaka 2008. Baadaye wakawa nyota wa pop, lakini sikiliza miisho yao hata katika nyimbo za kuchezwa klabu: vokali zinafungwa pamoja. "Kuliko Jana", waliyoimba na RedFourth Chorus, ni darasa kamili la mikia, na hakuna ala ndani yake.

Mapambo ya koo, yale ya kuzungusha noti sita juu ya silabi moja, yaruhusu kwa kiongozi tu, tena pale nyuma kumetulia. Wawili wakipamba kwa pamoja ni kama wapishi wawili wenye chumvi. Na kuwa mwangalifu na rekodi. Studio ya leo inaweza kumrekodi mtu mmoja mara kumi na mbili na kumfanya kwaya, kisha programu inyooshe noti zilizopinda. Rekodi itakuonyesha walichotamani kuwa. Nyuma ya kanisa utaona walichonacho.

Daftari

Nami nilijifunza kwa kukosea. Miaka ya nyuma, katika shindano moja, tulikuwa majaji watatu na tuliwapa kombe vijana walioanza kwa kishindo: besi mnene, kiongozi mwenye koo la chuma, watu wakasimama tangu mstari wa kwanza. Nilikuwa nimerekodi kwa simu. Usiku, nikiwa nimelala chali nyumba ya wageni, nikasikiliza tena bila kuona sare wala shangwe. Kila mstari wa washindi uliishia ngazi, ngazi, ngazi. Kikundi cha tatu, ambacho hatukukipa hata cheti, kilianza kwa woga kiasi kwamba nilikuwa nimekifuta kichwani kabla ya beti ya kwanza kwisha. Lakini kila mkia wao ulikuwa mmoja. Nilirudisha nyuma mara tatu, nikitafuta kosa.

Tangu siku hiyo nimeacha karatasi ya alama hadi mwisho. Katika daftari naandika kitu kimoja tu: vokali waliyoachana nayo. Mstari ukiisha na wanne wakatofautiana kwenye e, naandika e. Wakitofautiana kwenye o, naandika o. Kurasa nyingi zinajaa e. Ndiyo vokali inayotusumbua zaidi huku. Kikundi cha wastani kinanipa herufi kumi hivi kwa wimbo.

Mwaka huu, baada ya makambi, kijana mmoja alinifuata nikiwa nafunga mkoba. Alikuwa teno wa kwateti iliyoimba jioni, ileile iliyokuwa imesimama duara nyuma ya kanisa bila simu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilikuona unaandika wengine walipokuwa wanaimba. Naomba nione ya kwetu, tujirekebishe."

Nikamfungulia ukurasa. Juu kulikuwa na jina la kikundi chao na tarehe. Aliutazama, akageuza upande wa pili, akarudi.

"Mzee," akasema polepole, "mbona sisi hukutuandika kitu?"